Asili Iliyofichwa, Asili Inayotungwa: Siri ya Nasaba katika The Adoption Papers ya Jackie Kay

Utangulizi

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kauli hii humlaumu mtu kwa kitendo alichokitenda kwa hiari yake: anayo asili, anaijua, naye anaipa kisogo. Methali haimtaji yule ambaye asili yake ndiyo iliyomwacha, akakabidhiwa mikono mingine kabla hajajua kusema. Mtu wa aina hii ndiye kiini cha shairi refu la Jackie Kay, The Adoption Papers, yaani Hati za Uasili, lililosikika katika redio ya BBC mnamo 1990 kabla ya kuchapishwa mwaka 1991 katika diwani yenye anwani hiyo hiyo.

Kay alizaliwa Edinburgh mwaka 1961. Mamake mzazi alikuwa Mskoti mweupe, babake Mnaijeria, na waliomwasili walikuwa mume na mke weupe wa Glasgow, wakomunisti kwa itikadi. Baadaye alikuja kuwa malenga wa taifa la Uskoti kuanzia 2016 hadi 2021. Msichana anayesema katika shairi ana historia inayokaribiana mno na hii, ingawa haifai kumchukulia nafsineni kuwa ndiye mtunzi moja kwa moja. Upo umbali baina ya wawili hao, na kama itakavyodhihirika, umbali huo una maana yake.

Ni rahisi kulisoma shairi hili kama mashindano baina ya damu na malezi, kisha msomaji akatoa hukumu kuwa malezi yameshinda. Usomaji wa namna hiyo una ushahidi wake, na Mswahili angeuunga mkono kwa kusema kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kuwa swali la msingi la shairi si nani mama wa kweli. Swali ni nani mwenye haki ya kuficha na nani mwenye haki ya kusimulia. Mbele ya swali hili, mama wote wawili wana la kujibu, na binti mwenyewe pia hasazwi.

Neno na Hati

Lugha ya Kiswahili inampa mhakiki nyenzo ambayo Kiingereza cha shairi lenyewe hakina. Kitenzi kinachotumika kwa kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kisheria ni kuasili, nacho kimejengwa juu ya neno asili. Hati ya kwanza, isiyo nakala, huitwa hati asilia. Jadi na chimbuko la mtu navyo ni asili yake. Kwa hivyo neno moja linabeba damu, karatasi na tendo la malezi kwa pamoja. Anayeasiliwa hupewa asili, kana kwamba hakuwa nayo. Papo hapo anaachwa na asili nyingine ambayo imefungiwa ofisini.

Mvutano huu unaonekana wazi katika sura inayohusu cheti asilia cha kuzaliwa. Binti anamwendea karani na kuomba cheti chake cha kwanza. Karani anamuuliza kama anajua jina lake lilikuwa nani. Swali hili ni kinaya kikali: mtu mzima anatakiwa athibitishe ujuzi wa jambo ambalo amekuja kuliuliza. Baada ya hapo karani anamtolea habari kidogo kidogo, jina la mama, jina lake mwenyewe la awali, hospitali, saa. Binti anatoka nje, jua limeutandaza mji wa Edinburgh, naye anajisemea kuwa kumbe alizaliwa usiku wa manane.

Furaha ya binti hapa haitokani na ufunuo mkubwa. Inatokana na saa tu. Watu wengi wanaijua saa waliyozaliwa bila ya kuikumbuka, kwa kuwa waliambiwa na mama au nyanya walipokuwa wadogo. Yeye aliipata kwa mtu asiyemjua, upande wa pili wa meza. Ifahamike pia kuwa sheria ya Uskoti, tangu 1930, iliwaruhusu walioasiliwa kuziona kumbukumbu zao za kuzaliwa wakifikisha umri wa miaka 17, ilhali kule England na Wales haki kama hiyo ilingoja hadi sheria ya 1975. Binti wa shairi basi haibi siri. Anadai kilicho chake kwa mujibu wa sheria, lakini namna ya kukipata inamfanya ajihisi kama mwombaji. Kay anaonyesha kuwa haki kuandikwa ni jambo moja, na heshima katika kuitoa haki hiyo ni jambo jingine.

Sauti Tatu na Chapa Tatu

Kwa upande wa fani, shairi lina sura kumi zilizogawanywa katika sehemu tatu: 1961 hadi 1962, 1967 hadi 1971, na 1980 hadi 1990. Sauti tatu zinapokezana, ya binti, ya mama mlezi na ya mama mzazi, na kila sauti imepewa aina yake ya chapa. Majina ya wasemaji hayatajwi pambizoni kama ilivyo katika tamthilia. Msomaji huwatambua kwa sura ya herufi, na hatimaye kwa sauti yenyewe: mama mlezi anazungumza kwa mkato wa watu wa Glasgow, mwenye utani na hasira za papo kwa papo, ilhali mama mzazi ni mpole, mwenye taswira za ardhi, maji na baridi.

Mbinu hii inaweza kuchukuliwa kuwa ni njia ya kumpa kila mhusika haki yake. Mama mlezi anasema, mama mzazi anasema, binti anasema, hakuna anayesemewa. Lakini hapa ndipo msomaji anapopaswa kuwa mwangalifu. Mama mzazi katika shairi hajakutana na binti. Mwisho wa shairi bado hawajaonana. Je, sauti yake imetoka wapi? Haiwezi kuwa ushahidi wake, kwa maana hajautoa. Ni sauti iliyotungwa na upande wa binti, ikavalishwa chapa yake yenyewe ili isimame peke yake.

Mfano mzuri ni sura ya mtoto Lazaro. Mama mzazi, baada ya kumwacha mtoto, anarudi nyumbani, anachimba shimo bustanini la ukubwa wa kichanga na kuzifukia nguo alizokuwa amemnunulia. Baadaye anamfanyia mazishi, anaimba, anapanda waridi, anakisoma kitabu cha Ayubu. Usiku huo mtoto anarudi kupitia dirishani na kunyonya. Hii ni miongoni mwa sehemu zenye nguvu kubwa zaidi katika shairi zima. Ni pia sehemu ambayo hakuna hati inayoweza kuithibitisha. Ni binti anayehitaji kuamini kuwa aliombolezwa. Aliyeachwa anajitungia matanga yake mwenyewe, kisha anajifufua.

Usomaji huu hauupunguzii utunzi hadhi yake. Kinyume chake, unaonyesha kuwa siri ya nasaba ni shimo linaloita hadithi, si kisanduku kinachongoja ufunguo. Palipo na ukimya wa miaka ishirini, mtoto hataacha kutunga. Kay anaukiri utungaji huu kupitia chapa zenyewe, kwani msomaji hawezi kusahau kuwa anatazama ukurasa uliopangwa na mtu.

Siri za Mama Wawili

Mazoea ya hadithi za watoto wa kulea ni kuwa siri iko upande wa mzazi wa damu. Mlezi ni mwanga, mzazi ni giza. Shairi la Kay linavunja mpangilio huu mapema kabisa. Mama mlezi ndiye mhusika wa kwanza tunayemwona akificha kitu kwa mikono yake.

Katika sura ya orodha za kungojea, yeye na mumewe wanazunguka kwa mashirika ya uasili moja baada ya jingine. La kwanza linawakataa kwa kuwa si watu wa kanisa, nao wananyamaza kuhusu ukomunisti wao. Mengine yana visingizio vyake. La tano linawakubali lakini halina watoto, na wanapotoka mlangoni ndipo mama anapotaja kuwa wao hawajali rangi. Ghafla mtoto anapatikana. Kay haongezi maelezo. Kinaya kinajitosheleza: mtoto mweusi hakuwa katika orodha yoyote, kwa kuwa hakuhesabiwa miongoni mwa watoto wanaongojewa.

Ndipo siku ya ukaguzi inapowadia. Mama anavificha vitabu vya Marx, Engels na Lenin ndani ya kabati la taulo, magazeti ya Daily Worker anayasukuma chini ya kochi, picha ya njiwa wa amani anaibandua, na bango la kumtetea Paul Robeson arudishiwe pasipoti yake analiondoa jikoni. Kilichomponyoka ni beji za amani, ambazo afisa anaziona. Afisa anapomuuliza kama anazipinga silaha za nyuklia, mama anaamua liwalo na liwe, anakiri, na kumbe afisa naye ni mpenda amani. Tukio hili linachekesha, na uchekeshaji wake ndio unaoufanya ukweli wake umeze kwa urahisi. Hata nyumba yenye upendo ilijengwa juu ya ufichaji. Ilibidi wazazi wema wajifanye si wao ili wapewe mtoto ambaye wengine hawakumtaka.

Kwa hivyo binti ana historia mbili zilizofichwa za kuzifukua. Moja iko katika ofisi ya kumbukumbu. Nyingine ilikuwa ndani ya kabati la taulo nyumbani kwao. Na ni hii ya pili iliyomlea, kwa sababu bango lile la Robeson lilikuwa limetangulia kumfungulia mlango mtoto mweusi kabla hajazaliwa. Wanaosema kuwa damu na malezi vinashindana wanasahau kuwa malezi nayo yana nasaba yake: itikadi, vitabu, hofu na ujasiri uliopokewa.

Tofauti kuu iliyopo baina ya mama hawa ni msimamo wao kuhusu kuambiwa. Mama mlezi anaamini kuwa jambo kama hili halifichiki, na kwamba mtoto anastahili kujua kuwa kuna mama mwingine huko nje anayeihesabu miaka yake. Anamwambia mapema. Ukweli huo haukosi gharama: mtoto anaogopa kuwa mama huyu, akiwa si wa kweli, huenda akayeyuka usiku na kutoweka. Hofu hii imeandikwa kwa lugha ya kitoto ya Kiskoti na haina hata chembe ya kujihurumia. Ni jibu tosha kwa wazazi wanaodhani kuwa kusema ukweli mara moja kunamaliza kazi. Kusema ni mwanzo tu. Baada ya hapo kuna kukaa naye mtoto hadi aone kuwa aliyesema bado yupo asubuhi.

Mwili Usio na Kumbukumbu

Sehemu ya miaka ya 1967 hadi 1971 inaleta shuleni swali la rangi. Watoto wanamtukana, naye anapigana. Wakati wa mazoezi ya ngoma, anapokosea hatua, mwalimu anashangaa, kwa kuwa alidhani watu kama yeye huzaliwa na ngoma katika damu. Jambo la kutisha hapa ni kuwa mwalimu ndiye wa kwanza kumpa binti nadharia ya nasaba. Kabla hajajua lolote kuhusu babake, jamii imeshamwandikia historia yake, na historia hiyo ni dharau.

Mama mlezi hapendi mazungumzo haya ya weusi. Amemlea kama wake, na kwake rangi ni hoja ya wendawazimu. Lakini binti anasema kuwa kwake ina uzito. Anajitazama kiooni, na uso pekee unaofanana na wake ni wa Angela Davis, yule mwanaharakati wa Marekani aliyekuwa akisakwa na FBI mwaka 1970. Upendo wa mama haujapungua, lakini hauwezi kumpa mtoto kioo. Huu ni upungufu usio na mkosaji, na Kay anauacha bila ya kuutibu.

Baadaye, akiwa mtu mzima, binti anakabiliwa na maswali ya hospitalini kuhusu magonjwa ya ukoo, naye hana jibu. Mwili wake ni kitabu ambacho kurasa za mwanzo zimechanwa. Tena hapa msomaji asiharakishe kutoa hukumu. Binti huyu huyu ndiye anayewakumbusha wenye pua ya mama na macho ya baba kuwa nao wana mikinzano yao. Anaitaka damu na kuikana katika sura moja. Uhakiki unaomtaka achague upande unamnyima ukweli wa hali yake.

Baba Aliyepewa Jina

Baba mzazi ndiye mhusika asiye na sauti wala chapa. Anaonekana kupitia kwa mama mzazi tu, kama kijana mwenye rangi ya ardhi nyeusi ya kinamasi, aliyewafanya watu wageuze shingo walipopita barabarani pamoja. Shairi linamwita Olubayo, na Olubayo ni jina la Kiyoruba.

Miaka mingi baadaye, katika kitabu chake cha safari na kumbukumbu, Red Dust Road (2010), Kay alisimulia alivyomtafuta na kumpata babake halisi. Hakuwa Myoruba, bali Mwigbo. Katika shairi binti alijitungia Afrika, na Afrika hiyo ikatoka upande mwingine wa Naijeria. Msomaji wa Kiafrika anaweza kuliona kosa hili kama uzembe. Lakini ni ushahidi wa dhati wa kile ambacho siri humfanyia mtu. Aliyenyimwa nasaba hubaki na bara zima mahali ambapo wenzake wana kijiji.

Kitabu hicho cha 2010 kinaongeza kinaya kingine. Baba na binti wanakutana katika hoteli moja mjini Abuja. Baba sasa ni mhubiri wa walokole, naye anamwombea kwa muda mrefu ili atakaswe. Kwa mtazamo wake, binti aliyezaliwa nje ya ndoa ni alama ya dhambi ya ujana, na kuwepo kwake kusijulikane na jamaa zake. Siri iliyoanzia Uskoti inapata mlinzi mpya Naijeria. Binti anaizuru hata hivyo nchi ya mababu, na katika udongo wake mwekundu anapata furaha ambayo baba hakumpa. Nchi inampokea ilhali mwenye nchi anamficha.

Mwangwi katika Fasihi ya Kiswahili

Msomaji wa Kiswahili hatashindwa kumkumbuka Rehema katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), ambaye babake Fuad anamkataa kwa sababu ya rangi yake. Ulinganisho wa wawili hawa una manufaa. Rehema anamjua babake; kinachokanushwa ni haki inayotokana na kujua huko. Binti wa Kay anakubaliwa na kupendwa. Kinachokosekana ni kujua. Mmoja ana ujuzi bila kutambuliwa, mwingine ametambuliwa bila ujuzi. Lakini binti anapofika Abuja katika Red Dust Road, hali zao zinakutana: sasa naye anajua, na anayejulikana hataki kutambua. Katika kazi zote mbili rangi ya ngozi ndiyo ushahidi ambao baba hawezi kuufuta, na kwa hiyo ndiyo anayoiogopa.

Mfano wa kale zaidi ni Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1971. Edipode naye alilelewa na wasio wazazi wake, wala hakuambiwa. Walezi wake walimpenda na kunyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kulikomfanya amkimbie baba asiye wake na kumwendea yule aliye wake bila ya kumtambua. Tamthilia hiyo husomwa kama onyo dhidi ya kutafuta mno. Ikisomwa kando ya Kay, inakuwa onyo dhidi ya kutoambiwa. Msimamo wa mama mlezi wa Glasgow, anayesema mapema na kustahimili hofu ya mtoto, ndio ambao ungeliwaokoa watu wa Thebes.

Utamaduni wa Waswahili wa pwani haukosi la kusema katika hili. Sura ya Al-Ahzab, aya ya tano, inaagiza kuwa watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao. Malezi hayakatazwi, na kumlea yatima ni katika matendo bora. Kinachokatazwa ni kuifuta nasaba. Upo hapa mkabala unaotofautisha mambo mawili ambayo sheria nyingi za uasili ziliyachanganya kwa muda mrefu, yaani kumpa mtoto nyumba na kumnyang'anya jina.

Hitimisho

Shairi la Kay halimaliziki kwa mkutano. Sura ya mwisho ni ndoto: binti anawaza jinsi yeye na mama mzazi watakavyokuwa wageni na wenye haya wakionana, kila mmoja tofauti na alivyofikiriwa. Kisha anabaki kitandani alfajiri akingoja barua iliyoahidiwa, akiibashiri rangi ya karatasi na umbo la mwandiko. Kwa mara ya kwanza katika shairi zima, mama mzazi anatarajiwa kusema kwa maneno yake mwenyewe. Na hapo ndipo mtunzi anaponyamaza.

Uamuzi huu wa kisanaa una uzito wa kimaadili. Binti amemsemea mama huyu kwa muda wote wa shairi. Amempa bustani, waridi na machozi. Barua halisi inapokaribia, sauti aliyoitunga inabidi imwachie nafasi mwenye sauti. Haki ya binti ya kusimulia inafika mpaka wake pale ambapo mama anaweza kushika kalamu, na vilevile haki ya mama ya kunyamaza inafika mpaka wake pale ambapo kuna mtoto anayeamka na ndege kungoja mlango ubishwe na posta.

Kwa muktadha huu, methali iliyotajwa mwanzoni inahitaji kusomwa upya. Ikiwa mwacha asili ni mtumwa, basi aliyefichwa asili yake si mtumwa kwa kosa lake, na lawama ya methali inageuka kumwelekea aliyeshika ufunguo, awe karani, mzazi au mlezi. Binti wa Kay hajikomboi kwa kuipata asili iliyokamilika, kwani haipo mahali popote. Anajikomboa kwa kukataa kuwa mtu wa mwisho kuambiwa habari zake mwenyewe.